Ncha ya Mhimili

Kaka yangu Mhina hupiga reli.
Hutembea na nyundo yenye mpini mrefu
kutoka stesheni hadi njia ya Pongwe,
anagonga, anatega sikio:
reli nzima huitika ngee,
yenye ufa hukohoa.
Jioni anapita Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
anakalia kiti cha wateja wangu, viganja vyeusi kwa grisi:
"Saumu, bado unachezea viroboto?"

Mimi ni fundi saa.
Meza yangu haizidi sinia.
Lenzi jichoni, pumzi nimeishika,
maana chafya moja hupeperusha mhimili
ambao Tanga nzima hutaupata mwingine.

Juzi alileta saa yake. Imekwama saa tano na dakika nane.
"Imeanguka tu sakafuni. Chuma gani hiki?
Changu kinabeba injini na mabehewa ya saruji,
chako kinakufa kwa kutoka mfukoni."

Sikumjibu kwa mdomo.
Nilitoa nyaya mbili, chuma kilekile, kiwanda kilekile,
mmoja mnene,
wa pili robo ya unene wake.
Ule mnene nikaufunga kwenye boriti, chini yake debe,
tukamimina mchanga wa jirani anayejenga choo.
Pishi kumi na sita. Ukakatika,
debe likamkosa Mhina kidole.

"Haya, piga hesabu. Robo kwa upana, robo kwa kina,
huu mwembamba ni sehemu moja ya kumi na sita.
Haki yake pishi moja: vibaba vinne, basi."

Kibaba cha nne, kimya.
Cha tano.
Mhina akaacha kucheka, akachutama.
Cha sita ndipo ulipolia ka!

Vile viwili vya ziada vimetoka wapi?

Chuma, kaka, ni umati.
Ndani mna chembe, na kati ya chembe mipaka,
mna vipovu vya tanuri, punje za taka,
nyufa ambazo hakuna aliyezipa jina.
Unene ni nafasi ya kuficha maadui wengi,
na wa kukuua ni mmoja, yule mbaya kuliko wote.
Mwembamba hauna pa kumlaza.
Ukoo mkubwa haukosi mlevi;
nyumba ya watu wawili, pengine wote ni wema.

Akakuna kidevu, akakiachia alama ya grisi.
"Sawa. Sasa mbona saa imekufa?"

Hapo nikarudi kwenye lenzi.
Ncha iliyovunjika, nyembamba kama unywele wa kichanga,
na shingoni mwake, palepale ilipokatikia,
mstari.
Mkwaruzo.
Mkwaruzo huo kwenye reli yako, Mhina, ni vumbi,
treni mia zitapita na wewe hutausikia.
Kwenye ncha hii ni robo ya mwili.
Kidogo huzaliwa na makosa machache,
lakini hakina nyama ya kusamehe hata moja.

Na mkwaruzo ule naujua.
Ni wa tupa yangu.
Mwaka jana, Ramadhani, dakika chache kabla ya kufuturu,
umeme umekatika, kaimati zinanukia kwa jirani,
nilisugua ncha ile kwa mwanga wa simu
nikasema, itatosha.

Nilimwambia. Ningeweza kunyamaza.
Yeye hana lenzi, na sakafu ilikuwa tayari imeshikwa na hatia.

Mhina hakusema kitu.
Aliinua nyundo yake, akagusa mguu wa meza yangu,
taratibu, kama anayeamsha mtoto,
akatega sikio.
"Meza nzima," akasema.
"Ufa uko kwa fundi."

Tukacheka, si sana.
Mhimili mpya nimeuagiza, utakuja mwezi ujao.
Bei yake sitamtajia.
Tupa ile nimeifunga kitambaa, nimeiweka juu kabatini,
mahali ambapo mkono wenye haraka
lazima kwanza utafute stuli.