Beseni la Kumi na Mbili

Mimi ni shemasi wa maji.
Sabato ya Meza ya Bwana nadamka, nakoka makaa
nyuma ya kanisa letu la mabati, Nyalenda,
mvua ya usiku bado imetuama mlangoni.
Mabeseni kumi na mawili. La kijani lina ufa.

Wazee wa kanisa walikaa vikao vitatu
juu ya Peres Agutu na Dorsila Akeyo.
Katibu akaandika, akafuta, akaandika.
Wakasoma Matayo kumi na nane, wakanywa chai.
Neno lenyewe mia mbili:
rambirambi za mumewe Peres, mkobani mwa Dorsila,
elfu tano zikatoka Dorkasi,
elfu nne na mia nane zikafika matangani.
Miezi kumi na minne
mmoja akianza kuimba, wa pili anafunga kitabu.

Basi nikaiba.
Beseni moja nikalifunika gunia chini ya kinanda,
na wanawake walipokwisha kupangana wawili wawili
wakabaki hao, na lile la ufa,
na mimi natazama dari kama mtu anayehesabu misumari.

Maji yalikuwa yanavuja.
"Harakisha," Peres akasema, "yataisha."
Dorsila akavua kwanza vyake,
kandambili za samawati, soli imelika upande,
akapiga magoti, akashindwa kuinua uso.

"Ndizo hizi."
"Ndizo nini?"
"Mia mbili. Kiatu changu kilikatika kwenye tope lenu
nikiteremsha sufuria ya wali. Niliona haya
kusimama peku mbele ya jeneza la Shemeji.
Nikamtuma kijana wa bodaboda sokoni Katito.
Nikasema nitarudisha kabla ya jioni.
Jioni ulikuwa umeshahesabu."

Peres hakulia, mtu asiwadanganye.
Alizitazama zile kandambili muda mrefu,
akazigusa kwa kidole cha mguu, kikidondosha maji.
"Na tena," akasema, "kubwa."
Kisha akashuka kwenye benchi,
akashika kisigino cha mwenzake
chenye nyufa kama shamba la Januari,
akaosha kwa yale yaliyosalia, kina cha kiganja.

Kikao cha nne hakikuitishwa.
Mia mbili sijui kama ililipwa, wala siulizi.
Ila gunia bado liko chini ya kinanda,
na kila nikipita moyo unanidunda:
mwizi wa beseni la Bwana.
Nikiungama,
wazee wataniitia kikao.