Pa Visiki Hapana

Karani alikuja Jumanne, barakoa ikining'inia sikio moja,
fomu zake ndani ya mfuko wa mbolea kwa ajili ya mvua.
Yoga noi, mama Asekenye. Serikali imekumbuka.
Nikamvutia kigoda, nikijiuliza
ilikuwa imesahau nini hasa,
maana mimi sikusahau hata siku moja.

Mwezi wa sita machungwa yaliiva kama yasiyosikia redio.
Nani angeyaambia kwamba malori ya Juba hayaji,
kwamba ya Nairobi yamelala Busia
yakingoja madereva wapimwe pua?
Yaliiva tu, kwa adabu, tawi kwa zamu yake,
yakadondoka usiku, pu, pu,
nami kitandani nikiyahesabu kwa bei ya mwaka juzi.

Wiki ya kwanza mbuzi walikula.
Ya pili walinusa.
Ya tatu hata nzi walichagua.

Mwezi wa nane nikaazima shoka kwa Ekisa.
Hakuuliza la nini. Kwake pia kulinuka moshi.
Nilikata ishirini na mmoja, safu ya kando ya njia,
aliyoipanda marehemu Oluka mwaka tuliotoka kambini.
Mkaa wa mchungwa hulia motoni, wanunuzi hulalamika.
Walinunua hivyo hivyo.
Ukawa unga, sabuni, dawa ya kifua cha mama mkwe,
na chumvi.

"Miti mingapi?"
Arobaini na mitatu imesimama, nikasema,
ishirini na mmoja imelala.
Akaitazama fomu, akaigeuza nyuma, akairudisha.
"Hapa pana nafasi ya miti. Pa visiki hapana."
Lakini hasara ni ile pale, mwanangu!
Uliosimama utazaa tena. Huo unaulipia nini?
"Mama, fomu sikuitunga mimi."
Kweli. Kabla ya ugonjwa alifundisha hesabu huko Ngora;
shule zikafungwa, sasa anajumlisha miti ya watu.

Jirani mmoja, simtaji, ana michungwa saba.
Aliandikwa mia mbili.
Jioni ile jogoo wake hakuonekana tena.

Karani wangu hakutaka jogoo. Alitaka kusaidia.
Akatembea hadi kwenye safu, akainama.
"Na hivi? Vimechipua. Niviandike miti?"
Nikachuma jani, nikalifikicha, nikamwambia anuse.
Akashusha barakoa.
"Limau."
Limau. Chungwa tamu hubebeshwa juu ya shina la limau kali;
ukikata chini ya kovu, anayerudi ni yule wa chini,
aliyembeba mwenzake miaka kumi na mitano
bila mtu kumwita kwa jina.
Nilikata chini. Nilikuwa na njaa, sikupima.
"Andika limau, basi."
"Malimau hayamo kwenye mpango."
Tukacheka wote wawili, halafu tukaacha.

Pesa ziliingia mwezi wa pili, nikimenya muhogo.
Simu ikatetemeka juu ya maganda.
Elfu mbili kwa mti: elfu themanini na sita.
Wakala akakata chake, hata hakuinua uso.
Nikanunua kisu chembamba na utepe wa nailoni,
zilizobaki nikamlipia Okwii deni la daftari.

Siku nne nilipiga magoti kando ya njia.
Macho niliyachukua kwenye iliyosimama,
nikayafunga kwenye iliyolala,
kidonda kwa kidonda, utepe usikaze sana.
Ekisa akapita, akauliza kama serikali inalipia na hilo.
Nikamwambia anishikie tawi.

Kisiki cha mwisho sikukibebesha.
Kizae ukali wake.
Mama mkwe anapenda limau kwenye chai,
nami nataka pawe na kitu shambani mwangu
kisichokuwamo kwenye mpango.