Saini Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyeizungusha ile karatasi,
mlango hadi mlango, ghorofa ya kwanza mpaka ya nne,
Januari ile theluji ya Bytom ilipolala chini imevaa masizi.
"Sisi wakazi wa jengo namba saba tunaomba
mbwa wa Bi Halszka aondolewe."
Saini kumi na moja. Ya kwanza, yangu.

Mbwa mwenyewe rotwaila,
kifua kipana kama sefu ya benki,
na jina la kuchekesha: Ponczek,
lile andazi la jamu tunalolifakamia kabla ya Kwaresima.
Sikucheka. Nilishasoma habari za taya zake,
uzito wake, babu zake, hasira za babu zake.
Nilijua kila kitu
ila siku aliyomuuma mtu.

Bi Halszka huendesha tramu, zamu ya alfajiri.
Saa kumi za usiku humsikia ngazini:
"Kaa." Kimya. "Ngoja." Kimya. "Haya, twende."
Kila anapopinda ngazi, vivyo hivyo,
siku ya baridi ya kupasua mabomba,
siku ya homa,
siku aliyomzika mama yake:
kaa, ngoja, haya.
Nami chini ya blanketi nikajisemea:
sikia, hata yeye anamwogopa.

Chini yangu anakaa Mzee Alojzy, mwalimu mstaafu wa hesabu,
na Hrabia wake, mbwa mfupi mrefu kama soseji,
tumbo linafagia sakafu.
Hrabia alitafuna kamba za viatu vyangu. Tukacheka.
Alirarua pindo la kanzu ya padri
alipokuja kubariki nyumba. Padri naye akacheka,
akiwa amekwishapanda juu ya kiti.
"Anacheza tu," husema Mzee Alojzy,
na kumtupia kipande cha jibini
mdomo ukiwa bado una uzi wa kanzu.

Machi, Felicja wa barua alipandisha suruali uani.
Nyuzi nane, nyama imevimba buluu.
Kabla hajafungua kinywa nilisema, "Ponczek."
Akanitazama kama mtu aliyeletewa bahasha isiyo yake.
Akaweka vidole viwili juu ya jeraha, hapa na hapa,
nafasi ya kupita kizibo cha chupa.
"Mdomo wa rotwaila," akasema, "unaingia hapa?"

Nilimshukia Mzee Alojzy.
"Ni damu yake," akanijibu, akikoroga chai,
"waliumbwa kuwinda mashimoni, utamlaumuje?"
Damu! Damu ile ile
iliyokuwa shahidi wetu dhidi ya Ponczek
leo imekuja kwa Hrabia imevaa joho la wakili.
Na chini ya meza wakili alikuwa na mteja wake,
anang'ata mguu wa kiti,
na mkono wa mwalimu unashuka, taratibu,
na jibini.

Mtoto umleavyo, husema watu, ndivyo akuavyo.
Husema hivyo juu ya watoto wa wenzao.

Jana tulikutana ngazini, mimi napanda, wao wanashuka.
Ponczek amefungwa kifungo cha waya mdomoni:
amri ya ofisi ya nyumba, jibu la karatasi yetu.
"Kaa," akasema Bi Halszka, si kwa sauti kubwa.
Mbwa akakaa.
Nami nikajikuta nimesimama, mguu mmoja hewani,
mfuko wa viazi mkononi,
nangoja.

Hakunitazama. Alirekebisha ukanda nyuma ya sikio,
pale waya ulipokwisha kula manyoya,
akapuliza kidogo kama mtu anayepoza uji.
Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno, nadhani.
"Haya," akasema,
na sikujua ni nani kati yetu aliyeruhusiwa.