Milimita Kumi na Moja

Ekseli imelala juu ya magogo mawili,
imetoka kwa lori lililofia Gilgil,
nene, kutu yake rangi ya turungi.
Pikapu ya Bi. Wambeti iko juu yake kwa jeki tatu,
mkia wazi, kama ng'ombe anayesubiri daktari.

Hazijuani hizi mbili.
Na kazi yangu, hapa Kariobangi,
kibanda cha nne kutoka kwa wapaka rangi,
ni kuzitafutia namna ya kushikana
zisije zikagombana kwenye matuta.
Vishikizo vya dukani vipo, vimefungwa kwa karatasi ya mafuta.
Kwa ndoa hii havipo.
Kwa hiyo nakata.

Plati ni milimita nane.
Ilikuwa mlango wa sefu ya chama cha akiba kilichofilisika;
tundu la ufunguo bado liko.
Mulwa, mwanafunzi wangu, amechungulia
akasema haoni hata shilingi.
Nachora kwa chaki. Grainda inapiga yowe
mpaka mama wa uji anafunika sufuria kwa gazeti.

Toboa. Chonga. Kunja ingali nyekundu.
Bushi za mpira ziingie kwa sabuni,
si kwa nyundo, Mulwa, si kwa nyundo!
Kisha nabandika kwa nukta tu,
mbili hapa, mbili pale,
maana kilichoshikwa kwa nukta bado kinaweza kuombwa radhi.

Halafu napima mkingamo:
mbele kulia hadi nyuma kushoto,
mbele kushoto hadi nyuma kulia.
Utepe hauna haya.
Milimita kumi na moja.
Namwambia Mulwa apime, simwambii nimepata ngapi.
Kumi na moja.

Si vishikizo vyangu. Ni fremu yenyewe,
imepinda chini ya rangi mpya,
pale mtu alipoinyoosha kwa haraka akapaka lami.

"Mama, hii gari iligonga nini?"

Bi. Wambeti alikuwa kwenye simu, akihesabu mizinga ya nyuki,
arobaini, ya kufika Mwingi
kabla migunga haijamaliza kuchanua.
Akakata simu.
Akaitazama grainda niliyoizima, inazunguka, inazunguka,
mpaka ikasimama.
"Haikugonga. Iligongwa. Salgaa.
Mimi sikuwa ndani."

Hakusema nani alikuwa.
Mulwa akainama kuokota nati ambayo haikuwa imeanguka.

Nimeigonga fremu kwa nyundo ndogo, nikatega sikio:
haina ufa. Imepinda tu, na imezoea.
Kuinyoosha ni siku tatu, na pesa ambayo iko ndani ya mizinga, haijatengenezwa bado na nyuki.
Naweza kumfungia vishikizo mapacha, vya kupendeza macho,
gari likimbie kama mbwa, kiuno pembeni,
likitafuna tairi hadi Mwingi.

Nikakichomoa cha kushoto. Nukta zikakubali.
Nikakata kingine,
kirefu zaidi kwa zile kumi na moja,
kutoka upande wa mlango wenye tundu.
Sasa nikachomelea kweli. Polepole, pumzi imezuiliwa,
mshono ukalala kama sarafu zilizoangukiana.

Jioni, Outer Ring, nikaachia usukani.
Nikahesabu hadi sita.
Gari likaenda mbele, mbele tu,
na Bi. Wambeti, kiti cha pembeni, ameshika mkanda kwa mikono miwili,
hakusema ahsante wala nini,
alisema, "Hesabu tena."

Siku moja fundi mwingine ataingia chini yake na tochi.
Ataona kulia na kushoto havifanani.
Atasema aliyefanya hii kazi alikuwa amelewa.
Na kwenye kile cha kushoto ataona tundu la ufunguo,
ambalo sikuliziba.