Komeo la Shilingi Mia Mbili

Walikuja wageni kutoka ofisini, na projekta,
wakatuketisha kwenye madawati ya darasa la nne,
magoti yakigusa videvu,
wakatwambia mwalimu mwenye afya ni hazina ya taifa,
tupunguze mawazo, tunywe maji glasi nane kwa siku.
Tukapiga makofi. Tukatia sahihi. Tukapewa kofia.

Glasi nane!
Bi Rukiya akanitazama, nami nikamtazama.
Tangu shule kufunguliwa hatukuwa tukimeza hata mbili
baina ya kengele ya asubuhi na ya saa tisa,
kwa kuwa choo cha walimu wa kike, pale Mtongwe,
hakikuwa na komeo.
Ukienda, wenda na mwenzako akushikie mlango,
na mwenzako ana watoto sabini na wawili
wanaomsubiri na desimali zao.
Basi wafunga kinywa. Wafunga na kwingine.
Joto la mwezi wa tatu lanywa kilichosalia.

Maumivu tuliyaita kichwa, tukayaita kiuno,
tukayaita jua.
Nyamvula ndiye aliyeyapa jina, siku aliyoanguka
katikati ya neno "mnyambuliko",
chaki ikachora mstari mrefu toka ubaoni hadi sakafuni.
Figo, alisema daktari.
Mstari ule hatukuufuta wiki nzima.

Aliporudi hakutaka pole.
Alileta karatasi za mtihani wa mwaka jana,
akazikata vipande vinne vinne, akatugawia:
"Andikeni kinachowaumiza. Msitie majina.
Na msiandike mshahara, huo naujua."

Tulivisoma wakati wa chai, mlango tumeufunga.
*Kiti changu hakina mgongo.*
*Sauti yangu huisha Jumatano.*
*Mzazi alinitukana getini, sikulala.*
*Maziwa yanimwaikia darasani, sina pa kukamua.*
Na vipande kumi na kimoja, kila kimoja na mwandiko wake:
*Choo.*

Chivatsi wa hisabati, asiyependa mikutano,
alitoka bila neno. Tukadhani kaudhika.
Kumbe kaenda Likoni, duka la misumari,
akarudi na komeo la shilingi mia mbili,
skrubu nne, na bisibisi ya kuazima.
Alilitia mwenyewe, tai kaitupa begani,
watoto wakichungulia: "Mwalimu amekuwa fundi!"

Afya yetu ilianzia hapo,
kwenye mlio ule, tak, wa chuma kuingia chuma.

Sasa twachanga hamsini hamsini kila Ijumaa
ndani ya zile kofia za wageni. Mwishowe zimefaa.
Tumenunua mtungi wa maji. Tumenunua kipimo cha presha,
hulala kabatini pamoja na chaki,
na Bi Rukiya hutusomea namba kama aita mahudhurio.
Ya Chivatsi ilikuwa mia sabini na nane juu ya mia na kumi.
Akacheka. Akapima tena.
Akaacha kucheka.
Siku hizi jioni huenda kwa miguu hadi feri,
nasi wawili watatu twamfuata nyuma,
tukimsengenya kwa mwendo wake wa haraka.

Ghalani tulisogeza ramani za zamani;
Mbeyu hukamua humo, akilitazama bara la Asia.
Mwalimu Bwanamkuu asema huu ni mchezo wa watoto,
hajaufunga mkono wake mpaka leo,
lakini hamsini yake haikosi kofiani.

Sitasema tumepona.
Darasa langu lingali na watu sabini na wawili,
na mzazi wa getini yuko palepale.
Lakini kile kipande cha Jumatano
kilikuwa changu, nakiri sasa,
na muhula huu sauti yangu huisha Alhamisi.

Nimepata siku moja.
Naitumia kuwasomea watoto kwa sauti,
glasi mezani, imejaa.