Jiwe Lenye Vyumba

Kazi yangu kubeba masanduku.
Ndani mna mawe ya mviringo, marefu kama michi,
yaliyokatwa na kekee mita mia tisa chini ya Ilagala,
yamepangwa kwa namba,
nami kila asubuhi naonywa: Gwimo, usiyapindue.

Kibirizi wananiuliza, mmeyaona mafuta?
Wanadhani huko chini kuna ziwa la pili, jeusi,
limelala likingoja bomba.
Nami nilidhani hivyo hivyo
mpaka Bi Kokushubira aliponipa lenzi: tazama.

Matundu.
Matundu tu, kama andazi lililoumuka.
Mafuta, akasema, hayana ziwa. Ni wapangaji.

Akanieleza kwa kidole chenye vumbi:
ukoko wa mwani uliota kwenye maji ya kina kifupi,
konokono wakafia humo, tabaka juu ya tabaka,
likawa jiwe la chokaa, zito, halina mlango.
Kisha maji yenye magnesiamu yakapita polepole
(polepole yake si yetu)
yakatoa chembe kubwa, yakaweka ndogo,
na pale palipopungua
pakawa chumba.

Nikaiba kipande, hakifiki ukucha.
Mama amechoma chokaa Bangwe tangu sijazaliwa;
hakuniuliza nimekitoa wapi.
Alikikwaruza kwa kisu, akakikamulia ndimu,
akakitegea sikio.
Povu lilikawia. Likaja, dogo, la aibu.
"Jiwe hili si la tanuri," akasema. "Lina pumzi ndani."
Akalinusa tena.
"Na mtu aliwasha kibatari humu."

Jana matokeo yamesomwa uwanjani, chini ya turubai:
vyumba vizuri, maji ya chumvi tu.
Mafuta yalikaa, yakahama.
Udongo mfinyanzi uliokuwa dari ulipata ufa
kabla hajakuwapo mtu wa kuuziba.
Masanduku tumeyapigilia misumari.
Mkataba wangu unaisha Ijumaa.

Kipande kile mama amekiweka dirishani
kwenye chumba cha uani, alichohama Ntibaligwa
usiku, na kodi ya miezi miwili hajalipa.
Nimemwuliza mara mbili, lini tutapangisha tena.
Amefungua mlango, akanusa,
akaufunga.