Nepi Tatu Kambani

Leo nimefua nepi tatu.
Tatu tu, katika wiki ambayo Mabawa nzima inanuka jiki,
kila nyumba inakoroga maji ya chumvi na sukari,
na Mwanakheri wa mlango wa pili yuko Bombo siku ya nne,
mwanawe ana mrija mkononi,
utosi umebonyea kama kisahani.

Hizza wangu anacheka na dari.
Sijui nimshukuru nani.

Nikamuuliza Shemdoe wa maabara,
aliyepita kukusanya choo cha watoto
kwenye vikopo vya kifuniko cha buluu.
Alikalia ndoo, akachana boksi la sabuni,
akachora panda mbili zimeungana mikia.
"Za manati," nikasema.
"Za manati. Ila hizi hazirushi jiwe."

Kingamwili, akaniambia,
hufumwa nyuma ya ukuta wa utumbo.
Mchukuzi huibeba, akaivusha ndani ya seli
mpaka ng'ambo, kwenye giza, chakula na uchafu.
Akifika, mchukuzi hukatwa.
Kipande chake humbakia abiria mwilini,
kikamfunika, vimeng'enya visimle,
kama kanga aliyonitupia mama begani
asubuhi ile naondoka kwetu.

Hapo sikusikia maneno mawili matatu.

"Halafu hukaa kwenye ute."
Ute naujua. Kwa mama ni Handeni,
nimelishwa mlenda kabla sijaota jino:
kidole kikiingia, hakitoki peke yake.

Na kirusi cha rota, kumbe,
ni ringi ya baiskeli, spoku zimechomoza.
Katika mji huu nani asiyejua baiskeli?
Anateremka mbio, anatafuta mlango wa kubisha,
na panda inaingia kwenye spoku.
Basi.
Haiui. Haipigi yowe, haileti homa.
Inamshika huyu, inamfunga na yule,
ringi juu ya ringi kama vyuma chakavu,
utumbo unajivuta, unasukuma,
na vita vyote hivyo mimi navikuta kwenye nepi,
navisuuza, navimwaga chooni,
huku nawaza bei ya mkaa.

Ya kwanza aliipata kwangu.
Siku ile mama mkwe, Bi Mashavu, alileta bakuli:
"Kamua hayo ya njano, yamelala, hayafai."
Ningependa kusema nilibisha kwa elimu.
Nilikuwa nimechoka. Mkono haukunyanyuka.
Mtoto akanyonya dang'a lote nimesinzia.

Kisha matone ya kliniki, wiki ya sita, wiki ya kumi,
matamu, akajilamba.
Hapo Shemdoe akakuna kichwa:
maziwa yako hayasomi kadi, dada.
Matone nayo ni kirusi, ingawa kimefugwa,
na panda zako zinaweza kumkamata mgeni uliyemwalika mwenyewe.
Ndiyo maana anaitwa mara mbili,
ili utumbo wa mtoto umwone sura,
ujifunze kuchonga panda zake.
Za kwangu ni za kuazima. Hazikai.
Kila nyonyo ni zamu mpya ya ulinzi.

Nikamwambia, Mwanakheri naye ananyonyesha.
Kadi yake ina mihuri yote, niliishika mimi
akiwa anatafuta chenji ya bodaboda.
Shemdoe akakunja boksi, mara moja, mara mbili.
"Bila hivyo," akasema, "pengine tungekuwa tunaongea mengine."
Hakuendelea. Akachukua vikopo vyake.

Sasa jua limefika ukuta wa nyuma.
Hizza ametia kidole mdomoni, na mchanga wake,
namtoa, anakirudisha.
Mwanakheri amepiga simu: kamekojoa,
kamelia kwa machozi, machozi yenyewe, yanaonekana.
Kesho huenda wakatoka.

Nepi zangu nimezisogeza pembeni.
Kamba iliyobaki ni yake.